Kipimo cha mbegu za kiume cha nyumbani: kinahesabu, hakichunguzi

Nakipa nyota mbili kati ya tano. Ya kwanza ni kwa sababu kile kimoja kinachoweza kukifanya, kinakifanya vizuri. Ya pili ni kwa sababu kinawafikia wanaume ambao maabara wasingeikanyaga hata kwa kuburutwa, wakiamini kukosa mtoto ni tatizo la mke peke yake. Nyota tatu nilizozibana ni za maandishi makubwa ya juu ya boksi, yanayodai kipimo hiki kitakuonyesha kama "una uwezo wa kuzaa". Mimi kiliniambia niko kawaida. Sikuwa kawaida.

Jina la kampuni naliacha. Vipimo vya namna hii viko vingi na vingi vinafanya kazi kwa mtindo mmoja. Nikikitaja kimoja, mtu atakimbilia cha pembeni akidhani chenyewe kimesalimika.

Kazi yangu ni kuchomelea vyuma. Kutwa nashinda na vifaa vya kupimia, na kabla sijakiamini kifaa chochote huwa nauliza kinapima nini hasa, kwa kiwango gani, na kinaacha nini nje. Mimi na mke wangu tulikuwa tumeshapitisha mwaka mzima tukitafuta mtoto, na huo mwaka una maana yake, kwa sababu madaktari huanza kuiita hali hiyo ugumba baada ya miezi 12 ya kujaribu bila kinga na bila mafanikio. Shirika la Afya Duniani liliripoti mwaka 2023 kwamba takriban mtu 1 kati ya 6 hukumbana na hali hii katika maisha yake. Na katika karibu nusu ya ndoa zinazohangaika, upande wa mwanaume una mchango, peke yake au pamoja na wa mke. Haikuwa haki mke wangu awe anachomwa sindano na kulazwa chini ya mashine, mimi nimekaa sebuleni nasubiri majibu yake.

Sasa boksi lenyewe. Ndani kuna vikopo viwili vya kukusanyia shahawa, vidude viwili vya kunyonyea matone, vichupa viwili vya maji ya kuchanganyia, vibao viwili vya plastiki vinavyofanana na vya kupimia mimba, na kijitabu. Vitu viwili viwili ni ili urudie baada ya wiki. Kila kibao kiko kwenye mfuko wake uliozibwa na tarehe ya kuisha muda imechapwa pembeni, inasomeka. Hapo sina neno.

Maelekezo yanakutaka ukae siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa. Kijitabu kinasema tu "usipungue, usizidi", bila kueleza sababu. Ukipungua, hesabu hushuka kwa sababu ghala halijajaa. Ukizidi, hesabu hupanda lakini mbegu nyingi zinakuwa zimezeeka humo ndani na mwendo wake unalegea. Kwenye kipimo kinachoangalia idadi tu, mtu aliyejizuia wiki tatu anaweza kutoka na jibu zuri kuliko anavyostahili. Maneno hayo mawili matatu yangeenea kabisa kwenye kijitabu, badala ya ile picha ya wanandoa wanaocheka iliyochukua ukurasa mzima.

Kikopo nacho kina mdomo mwembamba kupita kiasi. Nasema hivi kwa uzito, si kwa kulalamika. Sehemu ya kwanza ya shahawa inayotoka ndiyo huwa imebeba mbegu nyingi zaidi. Zinazofuata ni maji zaidi. Ukikosea shabaha mwanzoni ukapata kilichobaki, umepima makapi. Kijitabu kiko kimya juu ya hili, ila kinakumbusha vizuri usitumie mate, sabuni wala mafuta ya kulainisha, na usikusanyie ndani ya kondomu ya kawaida, maana hivyo vyote huharibu mbegu.

Shahawa zikitoka huwa nzito, zimeshikana. Unaziacha dakika 20 mpaka ziyeyuke zenyewe, kisha unakoroga taratibu kwa kile kidude. Kukoroga ni lazima, kwa sababu mbegu hazijigawi sawasawa. Unanyonya hadi kwenye alama, na hapa ndipo mkono wangu wa fundi ulipata kazi: kidude kinapenda kunyonya mapovu, na povu likikaa chini ya alama, kipimo chako kimepungua bila wewe kujua. Unamimina kwenye kichupa, unatikisa, unasubiri, unadondosha matone kwenye kibao. Dakika 7 baadaye unasoma. Mstari mmoja ni kwamba idadi iko chini ya kiwango. Mistari miwili iko juu. Mimi mistari miwili ilitokea yote, mmoja umekolea na wa pili mwekundu hafifu, ila upo.

Kinachosomwa na kibao ni protini inayokaa kwenye kichwa cha mbegu. Protini ikitosha, mstari unatokea. Basi. Na mbegu iliyokufa ina kichwa sawa na iliyo hai. Inayozunguka palepale bila kwenda popote ina kichwa. Yenye mikia miwili pia ina kichwa. Kibao kinazihesabu zote kwa heshima moja. Hata mstari wenyewe umechorwa mahali pa kubishaniwa: kijitabu changu kilitumia mbegu milioni 15 kwa mililita, kiwango cha mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010. Toleo la sita la mwongozo huo, la mwaka 2021, linasema milioni 16. Tofauti ni ndogo, lakini inakuonyesha mwenye boksi hakusumbuka kulipitia upya.

Kwenye kazi yangu kuna mshono wa chuma unaong'aa juu, umenyooka, mteja anaupigia makofi, kumbe ndani una matundu na siku mzigo ukipanda unaachia. Ukiupima unene kwa rula utapata namba nzuri. Ndivyo ilivyo hii mistari miwili.

Nikaenda maabara. Huduma yao nayo naitathmini hapa, kwa sababu ndiyo mshindani halisi wa hili boksi.

Kilichonikera kwanza: mhudumu wa mapokezi aliita jina la kipimo changu kwa sauti iliyofika mpaka kwenye benchi la nyuma. Watu waligeuka. Kama mnataka wanaume waje kupima, anzieni hapo. Chumba cha kutolea sampuli lakini kilikuwa na kufuli linalofunga kweli, sinki, na kopo lenye mdomo mpana ambalo waliotengeneza boksi wangefaa wapelekewe picha yake. Kwa wanaoshindwa kutolea palepale, wanaruhusu uilete kutoka nyumbani kwa sharti ifike ndani ya saa 1, imewekwa mfukoni karibu na mwili ili isipoe. Mtaalamu aliandika saa na dakika niliyomkabidhi. Nikampenda kwa hilo tu.

Karatasi ya majibu ilikuwa na mistari mingi. Ujazo mililita 2.8, mwongozo unataka usipungue 1.4. Idadi milioni 23 kwa mililita, yaani kile kibao hakikudanganya. Halafu zikaja namba ambazo kibao hakina macho ya kuziona. Mbegu zinazokwenda mbele zilikuwa asilimia 17, wakati kiwango cha chini ni 30. Zenye umbo la kawaida asilimia 2, wakati kiwango ni 4. Msomaji usishtuke na hiyo 4. Hata wanaume wenye watoto wengi, sehemu kubwa ya mbegu zao zina kasoro ya umbo. Mimi nilishtuka kwa sababu hakuna aliyekuwa pale kunieleza. Nilipewa karatasi dirishani, na dirisha likafungwa.

Jambo ambalo hata maabara nyingi hazikuelezi ni asili ya viwango hivyo. Walipimwa wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya miezi 12, kisha mstari ukawekwa mahali ambapo asilimia 5 tu ya hao walikuwa chini yake. Maana yake kuna akina baba halisi walio chini ya mstari, na kuna wanaohangaika walio juu yake. Ni kielekezi, na kielekezi hakitoi hukumu. Kwa hiyo boksi linalochukua namba moja kati ya hizo na kuandika "uzazi wa kawaida" linauza uhakika ambao hata maabara yenye hadubini haina. Maabara yenyewe ilinitaka nirudie baada ya wiki kadhaa, kwa sababu shahawa za mtu mmoja hubadilika sana kutoka sampuli hadi sampuli.

Kilichonifumbua macho kabisa kilikuwa mikono ya daktari na maswali yake. Vyote viwili havitumii umeme wala kibao. Alikuwa mtu mzima, wa mfumo wa mkojo na uzazi wa wanaume, na hakuniuliza kitu kuhusu nguvu za chumbani mpaka dakika za mwisho. "Ndugu yangu," akasema, "hayo ni mambo mawili. Mtu anaweza kuwa simba kitandani na asiwe na mbegu hata moja." Kisha akanieleza kwamba hata wingi wa shahawa hauonyeshi idadi ya mbegu, kwa sababu mbegu zenyewe ni sehemu ndogo sana ya ule ujazo, maji mengi hutoka kwenye vifuko vya shahawa na tezi dume. Ndiyo maana mwanaume aliyefunga mirija haoni tofauti yoyote kwa macho.

Akaanza maswali. Uliwahi kuugua matubwitubwi ukiwa umeshabalehe? Matubwitubwi ya utotoni hayana shida hii, lakini yakimpata kijana au mtu mzima yanaweza kuingia kwenye korodani na kuzisinyaza. Mara nyingi ni upande mmoja, hivyo si kila aliyeugua amepoteza uzazi. Korodani zako zote zilishuka utotoni? Iliyobaki juu tumboni inapikwa na joto la mwili, na siku hizi hushauriwa ishushwe kwa upasuaji mapema, mtoto asizidi umri wa mwaka mmoja na nusu. Uliwahi kufanyiwa upasuaji wa ngiri? Kisu kinaweza kugusa mrija. Uliwahi kupata kisonono au klamidia, hata kama ilitibiwa? Ikipanda hadi kwenye mirija iliyojikunja nyuma ya korodani, inaacha makovu, na kovu likiziba pande zote mbili mbegu zinatengenezwa lakini hazina njia ya kutokea. Klamidia ni mbaya zaidi kwa kuwa wengi hawaoni dalili.

Unatumia dawa gani? Hapa aliweka kalamu chini. Dawa ya tezi dume iitwayo tamsulosin inaweza kufanya shahawa zipungue sana au zirudi nyuma kwenye kibofu badala ya kutoka nje. Kisukari cha muda mrefu kinaweza kufanya vivyo hivyo kwa kuharibu neva. Mtu wa aina hiyo anafika kileleni, kopo liko karibu tupu, na mbegu unazikuta kwenye mkojo wa baada ya tendo ukipimwa. Hebu fikiria mtu huyo na lile boksi la nyumbani: hana hata tone la kutosha kufikisha kwenye alama, na kijitabu kinamwambia "ujazo hautoshi, rudia". Atarudia mpaka lini? Sulfasalazine, dawa ya utumbo, hushusha mbegu na huwa zinarudi ukiiacha. Dawa za saratani na mionzi zinaweza kuzimaliza kabisa, ndiyo maana mgonjwa hushauriwa agandishe mbegu kabla ya kuanza tiba.

Halafu akauliza kuhusu mazoezi ya kunyanyua vyuma. Mimi vyuma navinyanyua kazini na inatosha, lakini swali hili liwafikie vijana. Testosteroni ya sindano, na steroidi za kujenga misuli, zinashusha mbegu. Zinaweza kuzifuta kabisa. Ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu unaacha kutuma amri kwenda kwenye korodani, na kiwanda kinasimama huku kifua kinapanuka. Si uvumi wa mtaani. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilichapisha majaribio ya sindano za testosteroni za kila wiki zikitumika kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, na zilifanya kazi. Kwa wengi mbegu hurudi baada ya kuacha, lakini ni kwa miezi, wakati mwingine inazidi mwaka. Kuna wanaume wanaopewa testosteroni eti iwasaidie kupata mtoto. Anayetafuta mtoto akishauriwa hivyo, aombe maoni ya daktari mwingine kabla ya sindano ya kwanza.

Sigara, pombe nyingi, bangi, uzito uliopitiliza, aliviuliza haraka haraka na kuandika. Kwenye kazi alikaa zaidi. Korodani zimening'inizwa nje kwa sababu zinahitaji kuwa na ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili, kwa hiyo anayeshinda mbele ya tanuru, anayekaa kwenye kiti cha gari kutwa, au anayepakata kompyuta yenye joto mapajani, wote anawauliza. Akauliza pia kuhusu madini ya risasi na viuatilifu. Kemikali zina historia mbaya: mwaka 1977, kwenye kiwanda cha viuatilifu huko Lathrop, California, wafanyakazi walianza kujiuliza mbona hawapati watoto, wakapimwa, na ikabainika dawa ya kuua minyoo ya udongo iitwayo DBCP ilikuwa imewamaliza mbegu. Waliogundua walikuwa wafanyakazi wenyewe kwa kupiga soga. Mimi moshi wa kuchomelea naula kila siku, basi akaniandikia barakoa ya kuchuja na kuwasha feni ya kuvuta moshi, bila kusema kwamba ndio chanzo.

Chanzo alikishika kwa vidole. Alinisimamisha, akanitaka nivute pumzi na kujikaza tumbo. Juu ya korodani ya kushoto mishipa ikajaa kwenye vidole vyake, na alinishika mkono niiguse mwenyewe. Varikoseli. Vali za mishipa inayorudisha damu zimelegea, damu inatuama, joto linapanda, na mbegu zinadhoofika. Hutokea zaidi kushoto kwa sababu mshipa wa upande huo unaingia kwenye mshipa wa figo kwa kona kali, wakati wa kulia unajiunga moja kwa moja na mshipa mkubwa unaopanda moyoni. Takriban asilimia 15 ya wanaume wote wanayo, na wengi wanazaa bila habari; kati ya wanaume wanaotafuta tiba ya ugumba inafika asilimia 35 hadi 40. Nilikuwa nimeishi na ule uzito wa jioni nikidhani ni uchovu wa kusimama. Ingekuwa ni kuamini mistari miwili, ningeendelea kudhani hivyo.

Daktari alisema kitu kimoja ambacho watu wa ultrasaundi za haraka haraka hawapendi kukisikia: varikoseli inayoonekana kwenye mashine tu, isiyoshikika kwa mkono, haihitaji kufungwa. Hufungwa ile inayoshikika, kwa mwanaume mwenye majibu mabaya ya shahawa, anayetafuta mtoto. Mimi nilikuwa nazo sifa zote tatu. Walinifanyia kupitia mkato mdogo kwenye kinena, kwa kutumia hadubini ya upasuaji. Kisha kusubiri. Mbegu huchukua kama siku 74 kutengenezwa, na wiki nyingine moja au mbili kupita kwenye mirija, kwa hiyo kila unachokifanya leo, kizuri au kibaya, unakiona baada ya takriban miezi 3. Kipimo cha baadaye mbegu zinazokwenda mbele zilikuwa zimefika asilimia 31. Msiniulize kama tumeshapata mtoto. Hiyo si sehemu ya bidhaa.

Hizo siku 74 zinaliumbua boksi kwa namna nyingine. Vipimo viwili ndani yake ni vya kurudia baada ya wiki. Mtu aliyetoka kwenye homa kali mwezi uliopita anaweza kupata mstari mmoja, akarudia wiki ijayo akapata mstari mmoja tena, akaingia kwenye huzuni isiyo na msingi, wakati homa yenyewe ndiyo imeunguza kundi la mbegu lililokuwa jikoni. Angesubiri miezi mitatu, pengine angekuta mambo yamekaa sawa. Sentensi moja kwenye kijitabu ingemwokoa.

Na mstari mmoja ukitokea kwa haki, bado hujui kitu. Idadi ndogo na idadi sifuri kibao kinaziandika sawa. Sifuri ni habari nyingine kabisa: takriban asilimia 1 ya wanaume wote wako hivyo, na swali la kwanza ni kama kiwanda hakizalishi au barabara imefungwa. Linajibiwa kwa damu na vidole. Homoni ya FSH, ile ambayo ubongo huitumia kuziamrisha korodani, ikiwa juu na korodani ni ndogo, ubongo unapiga kelele na kiwanda hakiitiki. Miongoni mwao wako wenye kromosomu ya X iliyozidi, hali inayoitwa Klinefelter, ambayo humpata mwanaume 1 kati ya 500 hadi 1,000, na wengi huijua ukubwani wanapotafuta mtoto. Wengine wamekosa vipande vidogo vya kromosomu ya Y. FSH ikiwa ya kawaida na korodani zimejaa vizuri, hapo unashuku kuziba, au mirija ambayo haikuwepo tangu kuzaliwa. Daktari akipapasa haipati. Hao wa barabara iliyofungwa wana tumaini kubwa, maana mbegu zinaweza kuchukuliwa kwa sindano kutoka ndani na moja ikaingizwa kwenye yai moja kwa moja, mbinu ambayo watoto wake wa kwanza waliripotiwa mwaka 1992. Halafu kuna kundi kubwa, kama theluthi moja au zaidi ya wenye majibu mabaya, ambao chanzo hakionekani hata baada ya yote haya.

Kuna jingine lililonikera: ndani ya boksi nilikuta kikaratasi cha kuniuzia vidonge vya "kuongeza mbegu", vyenye zinki na asidi foliki. Kampuni ile ile inakupima, ile ile inakuuzia dawa. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2020 uliwafuata wanandoa 2,370. Wanaume wengine walipewa zinki na asidi foliki kwa miezi 6, wengine kidonge kitupu. Ubora wa shahawa haukuboreka, na idadi ya waliozaa watoto haikutofautiana. Kikaratasi nimekitupa.

Nani anunue basi? Mwanaume anayeanza tu kutafuta mtoto, hana historia yoyote kati ya hizo nilizotaja, na anataka kuonja maji kwa siri kabla ya kwenda mbali. Kwake mstari mmoja ni sababu ya kwenda maabara haraka, na mistari miwili si sababu ya kutokwenda. Mwenye historia ya korodani kutoshuka, upasuaji wa kinena, tiba ya saratani, steroidi, au mke aliyefikisha miaka 35 na wameshajaribu miezi 6, aliruke boksi hili aende moja kwa moja akafanyiwe kipimo kamili, na mke naye apimwe wakati huo huo, si kwa zamu. Vipo pia vifaa vya kisasa zaidi vinavyobanwa kwenye simu na kupiga video ya mbegu zikitembea. Hivyo angalau vinaona mwendo, ila sijavitumia, kwa hiyo sivipi nyota.

Wanunuzi wawe makini na kitu kimoja dukani. Kuna boksi linalofanana sana na hili, la waliofunga mirija, ambalo kazi yake ni kuhakikisha mbegu zimekwisha. Kiwango chake kiko chini mno, kwa mfano 250,000 kwa mililita, hivyo mwenye tatizo kubwa la idadi atapata jibu la "zipo" na kwenda nyumbani ametulia. Soma namba ya kiwango kwenye ubavu wa boksi kabla ya kulipa: ikiwa ni milioni 15, 16 au 20, ndicho hiki nilichokieleza.